Ushujaa Usioombwa: Vituko vya Watoto Wapendao, Masasi na Newala

Wahenga walisema kwamba penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Walakini hawakutueleza kwa nini mtu mzima akipenda hujitahidi kuficha akashindwa, ilhali mtoto akipenda hujitahidi kutangaza, tena kwa njia ambazo yule anayekusudiwa aghalabu ndiye wa mwisho kuzifahamu. Mvulana wa miaka kumi au kumi na mmoja, ambaye jana alikuwa akigombana na dada zake juu ya ukoko wa ugali, leo ataparamia mwembe mpaka kwenye vitawi vinavyoinama kwa uzito wa ndege, atamshika mkia nyoka asiyemjua kama ana sumu au hana, na atatafuna pilipili mbichi huku machozi yakimtiririka na mdomo ukiapa kwamba si kali, na yote hayo kwa sababu miongoni mwa watazamaji yuko binti mmoja ambaye huenda wakati huo ameinama anafunga kamba ya kiatu.

Makala haya yanakusudia kuvitazama vituko vya namna hiyo kama vionekanavyo Masasi na Newala, katika pembe ya kusini ya Tanzania. Vinachekesha, na msomaji ana ruhusa ya kucheka; lakini vina asili yake na mantiki yake, na mtu akivichunguza kwa utulivu ataona kwamba kosa la mtoto apendaye ni moja tu, nalo hurudiwa kwa sura nyingi. Ni mfano wa mtu aliyefungua duka kabla ya kuwauliza majirani wanahitaji nini: hujaza rafu zake vitu anavyovipenda yeye na wavulana wenzake, kisha hushangaa kwamba mteja wake mmoja tu amepita mlangoni bila ya kugeuza shingo.

Nchi yenyewe huwafundisha watoto aina ya upumbavu wao. Masasi umekaa chini ya majabali makubwa, Mtandi na Mkomaindo na mengineyo, yaliyochomoza ghafula katika nchi tambarare. Na ni hapo ndipo Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alipowaweka, mwaka 1876, watu waliokombolewa katika utumwa na kuletwa kutoka Unguja. Newala uko upande wa mashariki na kusini, juu ya uwanda wa Wamakonde, mahali ambapo ardhi ya mchanga hunywa mvua yote isibakize kijito, na ambapo ukingo wa uwanda huporomoka kuelekea bonde la mto Ruvuma, hata mtu akisimama penye Shimo la Mungu huliona bonde zima limetandazwa chini ya miguu yake, na Msumbiji ng'ambo ya mto. Kwa hiyo mtoto wa Masasi atakaye kuonekana hupanda jiwe, na mtoto wa Newala hufanya maajabu yake penye maji. Na wote wawili, maadamu wamezaliwa chini ya mikorosho, hushiriki kituko cha tatu nitakachokieleza punde.

Kupanda jiwe kuna kasoro ambayo mpandaji huigundua akiwa amechelewa. Mvulana mmoja wa Masasi, baada ya kujigamba wiki nzima, aliliparamia jabali mchana wa Jumapili, saa ambayo watu walikuwa wakitoka kanisani na binti anayemtaka alikuwa miongoni mwao, akiwa amevaa gauni la manjano. Lakini kadiri kijana alivyopanda ndivyo umbo lake lilivyopungua, hata alipofika juu, akavua shati na kulipunga kwa nguvu zake zote, waliokuwa chini walibishana kama kile ni kiumbe gani, na hukumu ya wengi ikawa kwamba ni nyani. Kushuka nako kukawa na mashaka kuliko kupanda, kwa kuwa jiwe lililompa vishikio wakati wa kwenda halikumwonyesha hata kimoja wakati wa kurudi; ikabidi wapande vijana wawili wenye kamba, na alipofikishwa chini, jua limekwisha kuzama, gauni la manjano lilikuwa nyumbani zamani likiandaa chakula cha usiku.

Kituko cha korosho kina madhara yanayodumu zaidi. Korosho ndiyo mali ya mkoa wa Mtwara. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na sehemu kubwa ilitoka katika nchi hizi za kusini. Mtoto wa huku huijua korosho kabla ya kuijua alfabeti: anajua bibo lilivyo tamu na linavyotia nguo doa lisilotoka, anajua uraka unavyonukia majirani wakiukamua, na anajua pia kwamba ndani ya ganda mna mafuta mazito yasiyofanya mzaha na ngozi. Wataalamu wanatwambia kwamba ukali huo unatokana na asidi anakadiki pamoja na kadoli, na kwamba mkorosho na mwembe ni wa jamaa moja, jambo ambalo halimshangazi mtu yeyote aliyepata kuungua mdomo kwa utomvu wa embe bichi. Mafuta ya ganda yakikaa juu ya ngozi huunguza, hutoa malengelenge, kisha huacha kovu jeusi; na mtoto apendaye akilijua hilo hafikiri habari za maumivu, hufikiri habari za wino.

Namna yenyewe ni hii. Korosho mbichi hupasuliwa kwa wembe, njiti ya kiberiti huchovywa katika mafuta, kisha herufi ya kwanza ya jina la mpendwa huandikwa juu ya mkono, mahali ambapo shati la mikono mifupi halifiki. Mwanafunzi mwenzetu mmoja wa darasa la tano aliandika S, nzuri, yenye madaha, chini ya mkorosho wa mjomba wake. Na kwa kuwa hakunawa vidole, akajipangusa jasho la uso. Asubuhi yake jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, shavu limevimba, na ile S, kwa kuumuka kila upande, imefunga midomo yake yote miwili ikawa nane. Bibi yake, ambaye kwa desturi ya mabibi wote wa huku humwita mjukuu wake wa kiume mume, alimkalisha ukumbini akampaka mafuta ya nazi huku akimhoji.

"Mume wangu, ni nani huyo uliyeniolea?"

"Hakuna, Bibi. Ni ajali tu."

"Ajali haina mwandiko, mume wangu. Mke mwenzangu huyo, anajua kupika?"

Darasani mwalimu wa hesabu alimwuliza ile nane ameiazima wapi, na yule binti, ambaye herufi ile ilikuwa yake, alimtazama kwa huruma ya kweli akasema, "Pole. Umeumwa na nyuki?" Kovu lilidumu miaka mingi, nane ile ile, na kila aliyemwuliza alijibiwa kwamba ni namba ya jezi yake ya mpira.

Msomaji asidhani kwamba fikira ya kujipamba kwa maumivu iliwajia watoto hawa kutoka hewani. Mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule, aliyezunguka Masasi na Newala mwaka 1906 akichunguza mila za wenyeji, alikuta wanawake wenye ndonya katika mdomo wa juu, na watu wa uwandani wenye nembo zilizochanjwa usoni na mwilini kwa mistari ya ustadi mkubwa. Nembo hizo zilikuwa uzuri, na zilikuwa ushahidi wa ukoo na wa uvumilivu. Lakini zilichanjwa na fundi anayejulikana, kwa idhini ya wazee, mbele ya watu wanaofahamu maana yake. Desturi hiyo imekwisha, na nyuso zenye nembo sasa ni za vikongwe wachache. Ila hamu ya kubeba juu ya ngozi dalili ya kwamba nimestahimili kwa ajili ya jambo fulani, hiyo haikuondoka. Imebaki mikononi mwa mtoto asiye na fundi, asiye na ruhusa, wala maji ya kunawa vidole.

Wale wasiopenda kuumia huandika barua. Barua ya mapenzi ya shule ya msingi ina kanuni zake, na kanuni ya kwanza ni kwamba karatasi lazima itoke katikati ya daftari, ili mwalimu asione ukurasa uliochanika. Ya pili ni kwamba lazima pawe na kopa jekundu lililochomwa mshale, hata kama kalamu nyekundu iliibwa mezani pa mwalimu huyo huyo. Maneno ya mwanzo huchukuliwa katika barua ambazo watoto wameona wazazi wao wakiwaandikia jamaa walio mbali: kwamba mwandishi ni mzima wa afya njema, na kwamba hofu na mashaka ni kwake msomaji aliye mbali na upeo wa macho, ilhali msomaji mwenyewe ameketi dawati la mbele, na mwandishi akinyoosha mkono angeweza kumgusa kisogo.

Mwaka 1977, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza, watoto wa rika mbalimbali walijikuta katika darasa moja, na wale wakubwa wenye mwandiko mzuri wakageuka makatibu wa wadogo. Nimesimuliwa habari za katibu mmoja wa Newala ambaye ujira wake ulikuwa ubuyu wa kujaza kiganja, na ambaye kwa uvivu alikuwa na barua moja tu aliyoinakili kwa kila mteja, akibadili jina la chini peke yake. Siku moja wavulana watatu, pasipo kujuana, walimwendea kwa ajili ya binti mmoja. Binti huyo alizipokea barua tatu, zenye kopa tatu na mashaka matatu ya namna moja. Akazisoma, akazisahihisha kama imla, akaandika alama kumi na nne juu ya ishirini juu ya kila moja, na kuzirudisha kwa wenyewe. Wavulana wale walikasirikiana kwa siku kadhaa, kisha wakaungana kwenda kumdai katibu ubuyu wao.

Lakini ushujaa mkubwa wa Newala hufanyika penye maji. Kwa kuwa uwanda hauna mito, mababu walishuka mabondeni na kupanda tena na vyombo kichwani, na mtungi mmoja ulikuwa kazi ya nusu siku; hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanzishwa katika miaka ya 1950 na mabomba kufika vijijini, foleni ya ndoo ilibaki kuwa ndefu, na siku za mashine kuharibika hazikuwa haba. Penye bomba ndipo wasichana wanapokutana, ndipo habari zote za mji zinapopimwa, na kwa hiyo ndipo mvulana mwenye baiskeli ya kuazima anapopita mara nne bila ya kuwa na safari.

Huyo ninayemkumbuka alikuwa na baiskeli ya mjomba wake, ndefu kwake hata ilimbidi apitishe mguu katikati ya fremu, akikanyaga pedali huku mwili umelala upande. Njia ilikuwa ya mteremko na mchanga, chini ya mwembe walikaa wavulana wenzake, na kwenye foleni alisimama binti ambaye ndoo yake ilikwisha kujaa. Kijana alipofika karibu aliachia mikono yote miwili, akaipandisha kifuani na kuikunja, kama alivyoona wakubwa wakifanya. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mchanga, likageuka lenyewe, na baiskeli, na mpanda baiskeli, na ndoo ile, vikalala pamoja. Hakuna aliyeumia ila goti moja. Lakini maji yaliyosubiriwa tangu alfajiri yalinywewa na mchanga kwa muda wa kupepesa macho, na binti akarudi mwisho wa foleni bila ya kusema neno. Ukimya ule ulimchoma kijana kuliko goti.

Palikuwapo hapo mvulana mwingine, mpole, asiyesifika kwa lolote. Zamu ya binti ilipofika mara ya pili, yeye ndiye aliyeishika ndoo upande wa pili na kumtwisha, akaishikilia mpaka kata ilipokaa sawasawa, kisha akaenda zake. Wasichana walilizungumza jambo hilo siku tatu. Na la ajabu ni kwamba mvulana huyo hakuwa na habari yoyote ya mapenzi: mama yake alimfundisha kwamba mtu akisimama na ndoo hutwishwa, naye akatwisha.

Hapa ndipo kiini cha mambo kinapoonekana. Kuachia mikono juu ya baiskeli ni jambo linalowastaajabisha wavulana. Wao hujua ugumu wake na hulipa heshima yake. Binti hakuwa na haja na mikono iliyokunjwa kifuani, alikuwa na haja na mikono inayoshika ndoo. Mvulana yule alidhani anazungumza naye, kumbe tangu mwanzo alikuwa akizungumza na wavulana waliokaa chini ya mwembe.

Wachunguzi wa nafsi wamelipima jambo hili kwa namna yao. Mwaka 1988 Elaine Hatfield na wenzake huko Marekani waliwahoji watoto wa umri wa kuanzia miaka minne mpaka kumi na minane, wakaona kwamba hata wale wadogo kabisa wanaweza kueleza shauku iliyo kali juu ya mwenzao. Kwa hiyo anayesema kwamba mtoto hajui kupenda, na aseme tu kwamba yeye amesahau. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwapa watu 306 mchezo wa kuendesha gari katika kompyuta, wengine wakiwa peke yao na wengine wakitazamwa na wenzao wa rika moja. Vijana waliotazamwa walithubutu mambo ya hatari zaidi kuliko wale waliokuwa peke yao, na taathira hiyo ilikuwa ndogo kwa watu wazima. Mwaka 2010, katika mji wa Brisbane, Australia, watafiti wawili waliwatazama vijana 96 wa kiume wanaocheza kwa vibao vya magurudumu, wakaona kwamba mbele ya msichana mzuri walijaribu michezo migumu zaidi, wakafaulu zaidi na wakaanguka zaidi. Ukiyaunganisha hayo yote unampata mvulana wetu wa Newala kama alivyo: binti ndiye sababu, wenzake ndio waamuzi, na mchanga ndio unaotoa hukumu.

Wasichana nao wana vituko vyao, ila kwa kuwa wamelelewa katika staha, na macho ya mama na shangazi hayawatoki, vituko vyao havina kelele. Kipo kisa cha binti hodari wa hesabu aliyempenda mvulana asiyejua hesabu hata kidogo. Kila asubuhi alimpa daftari lake anakili, na ili ampe, alitangulia kuamka usiku akafanya hesabu kwa mwanga wa kibatari. Usiku mmoja usingizi ulimzidi, na penye jibu la mkulima aliyeuza magunia yake ya korosho kwa hasara ya shilingi kumi na mbili, akaandika hasara ya watoto kumi na wawili. Kijana alinakili kwa uaminifu. Mwalimu aliwaita wote wawili mbele, akawauliza mkulima huyo watoto wake wamekwenda wapi, na viboko viligawanywa sawasawa. Tazama jinsi upumbavu wa binti huyu ulivyo tofauti: alitoa kitu ambacho mwenzake alikihitaji kweli. Kosa lake lilikuwa katika kutoa hata asibakiwe na usingizi, na kumpa mwenzake majibu badala ya maarifa.

Wazee wa Wamakonde, Wamakua na Wayao waliijua tangu zamani hamu hii ya kuonekana, na waliitengea siku yake. Mtoto aliyetoka jandoni au unyagoni alirejeshwa mbele ya kijiji kizima akiwa na nguo mpya na jina jipya, ngoma zikilia, na watu wakimtuza. Mcheza kwao hutunzwa, na siku hiyo kila mtoto alikuwa kwao. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza katika dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, alitambua uzito wa jambo hilo, akairekebisha jando iwafae Wakristo badala ya kuifutilia mbali. Siku hizi mila hizo hubanwa katika likizo za shule, na wapo wanaozilaumu kwa sababu zenye haki. Hata hivyo katika hilo moja zilikuwa na busara: zilimwambia mtoto kwamba siku ya kutazamwa itafika, na kwamba kabla ya kutazamwa kuna mambo ya kujifunza. Mvulana wa baiskeli na mvulana wa jiwe ni watoto ambao hawakuweza kuingoja siku hiyo.

Leo simu imeingia, na kijana wa Masasi anaweza kumaliza fedha za daftari kwa kununua bando ili aweke picha ambayo amesimama kando ya pikipiki ya mtu. Chombo ni kipya. Kosa ni lile la zamani, na waamuzi bado ni wale wavulana wa chini ya mwembe, ila wameongezeka idadi.

Basi mzazi au mjomba akimwona mtoto anarudi na goti lililochubuka, na kila akiulizwa lililotokea anatazama chini, asiikimbilie fimbo wala asikikimbilie kicheko, maana fimbo humfundisha kuficha na kicheko humfundisha kuona haya kwa jambo lisilo na aibu. Atibu goti kwanza. Ikiwa ni mafuta ya korosho, ayaoshe upesi kwa maji na sabuni, na amkataze kujigusa macho. Kisha amwulize swali ambalo mtoto huyo, katika kupanda kwake na kuanguka kwake kote, hajapata kujiuliza: huyo unayemfanyia haya yote, yeye mwenyewe anapenda nini? Wengi hawatakuwa na jibu, na watakwenda kulitafuta. Na yule atakayerudi baada ya siku mbili kusema kwamba binti anapenda hesabu, anachukia nyoka, na kwamba kila jioni mama yake humtuma maji, huyo amekwisha kujua juu ya mapenzi jambo ambalo watu wazima wengi hawajalijua, na baiskeli ya mjomba inaweza kurudishwa ndani kwa salama.